Njuga Haimiminwi

Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ujerumani, waume za watu pale Kibomet walikuwa wakishinda kwenye kibanda cha video wakiipigia televisheni kelele. Mume wa Wilkista alikuwa nyuma ya jikoni, amevaa miwani ya pikipiki, anayeyusha pistoni. Wilkista alikuwa amefika mahali pa kumwomba Mungu ampe mume wa kupenda mpira kama wa wenzake.

Si kwamba Makokha alikuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa ghala la mahindi hapo Kitale, mtu wa kalamu mbili mfukoni, hanywi, hatukani, na kanisani hukaa benchi la tatu. Shida ilianza mwezi wa tano. Alikwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kutafuta fomu ya bima, akarudi na karatasi arobaini za Kiingereza zenye picha ya mzungu wa ndevu anamimina madini kwenye mchanga, uani kwake, huku anacheka.

"Ni nini hii?" Wilkista aliuliza.

"Hobi."

"Hobi ni ugonjwa gani?"

"Mama Ian, mtu aliyestaarabika lazima awe na kitu anafanya kwa mikono yake ambacho hakuna mtu amemtuma."

"Hata mimi niko nacho. Nitakufinya na hakuna mtu amenituma."

Makokha hakufinywa, akaendelea. Alichukua ndoo ya bati, akaikandika ndani kwa udongo na majivu, akatoboa tundu chini. Akachukua gurudumu la baiskeli kuukuu, akalifunga mkanda uendao kwenye pangaboi dogo la bati ndani ya mkebe, ukizungusha gurudumu upepo unaingia ndoo na makaa yanaguna kama fisi. Hayo Wilkista angeyavumilia. Kilichomshinda ni mchanga. Karatasi ilisema mchanga wa kalibu, ule wa kumiminia madini, unataka kitu cha kuushikanisha, na Makokha, badala ya kutafuta kitu cha akili, akaleta mtungi wa molasi. Kufikia wiki ya pili, nyuki wote wa Saboti walikuwa wamesikia habari. Siafu nao wakaja kwa mguu. Wageni wakawa wanakunywa chai wameinua miguu juu ya stuli.

Na wageni ndio waliokuwa maisha ya Wilkista. Alikuwa anauza mapazia ya mitumba sokoni, lakini Jumamosi alasiri soko lilimfuata nyumbani. Habari ya Kitale ikizaliwa asubuhi, saa kumi imeshafika kwa Mama Ian, imevuliwa viatu, imepewa kikombe. Nani amehama kwa nani, mwalimu gani amepeleka mahari mara mbili, yote yalipitia kwenye kochi lile. Sasa maneno yakianza tu kunoga, kutoka nyuma kunasikika "puuu!" na moshi unaingia kwa dirisha kama mgeni ambaye hajaalikwa.

Bado angevumilia. Mwanamke aliyeolewa miaka kumi na tano anajua kuvumilia. Lakini mwishoni mwa mwezi wa sita Makokha alisimama mbele ya wageni, uso mweusi kwa masizi, akatangaza:

"Njuga za Ian nitazitengeneza mimi."

Vikombe vikasimama hewani. Hata Nekesa, jirani wa ukuta mmoja, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu abatizwe, aliweka kikombe chini.

Ian, mtoto wao wa kwanza, alikuwa anaingia jandoni mwezi wa nane. Kwa Wabukusu kijana hatumi barua kualika watu. Anatembea nyumba kwa nyumba akicheza, mikononi ameshika njuga mbili, chinyimba, anazigonga kwenye bangili za chuma alizovaa, na mlio huo ndio mwaliko. Ukilia vizuri, mtu anatoka nje hata kama alikuwa amelala. Ukilia vibaya, watu wanauliza huyu ni mtoto wa nani, na hilo swali halimwendei baba. Linamwendea mama: kwao hakukuwa na njuga?

Kawaida yake mtu hazitengenezi. Anaziazima. Katika ukoo wa Makokha kulikuwa na baba yake mdogo, mzee Wekoye wa Bokoli, mhunzi, ambaye njuga zake zilibebwa na vijana wa ukoo mzima kwa miaka arobaini. Tena kijana wa ukoo ule akianza safari yake, boma la kwanza ni kwa Wekoye. Mzee anasikiliza. Akitikisa kichwa kwa kukubali, kijana anaendelea kwa jamaa wengine hadi kwa mjomba wake. Akikataa, kijana anarudi nyumbani.

"Si uende tu Bokoli uombe, baba Ian?" Wilkista alimwambia usiku huo, kwa upole, maana alikuwa bado na upole. "Ni kupanda gari asubuhi na kurudi jioni."

"Mtoto wangu hatabeba njuga ya kuomba."

"Wewe ulibeba ya nani?"

"Ya kuomba. Ndiyo maana najua."

*

Njuga za kwanza zilitoka kwenye pistoni. Kwa macho zilikuwa nzuri, nyeupe, zinang'aa kama meno ya mwanasiasa. Jumamosi Makokha akamwita Ian mbele ya wageni, akamvika bangili, akasema, "Gonga."

Ian akagonga. *Tak.*

"Gonga na nguvu, wewe!"

*Tak, tak.*

"Buda, hii inalia kama sahani ya jela," Ian alimwambia baba yake.

Nekesa alikuwa amejaza mdomo mandazi, ikabidi aende nje. Aliporudi, anapangusa machozi, akasema, "Baba Ian, usikate tamaa. Ukizigonga bapa kidogo zitafaa kufunikia maziwa."

Makokha akarudi kwenye karatasi. Karatasi zikasema madini ya pistoni ni mepesi, hayana sauti, jaribu shaba. Akaenda kwa Bashir, muuza vyuma chakavu karibu na msikiti, akarudi na mfuko wa mabomba ya maji yaliyovunjika, ya shaba ya njano. Bashir alikuwa amemuuliza anajenga nini. Makokha akasema hajengi kitu, ni hobi. Bashir akampa na pole.

Shaba ile ilipochemka ilitoa moshi mweupe, mtamu wa ajabu, na Makokha, mtu wa kusoma, alikuwa hajafika ukurasa unaosema usiuvute. Jioni akaanza kutetemeka chini ya mablanketi matatu. Wilkista akamkanda, akamnywesha uji, akakaa naye mpaka asubuhi. Kulipokucha homa ikatoka yenyewe kama ilivyoingia. Lakini habari haikutoka. Kufikia saa tatu sokoni watu walishajua kwamba Makokha ameshikwa na wahenga wa uhunzi kwa kushika nyundo bila kupewa. Kufikia saa sita alikuwa amepooza upande mmoja. Saa nane mama mmoja wa Ndalu alikuja kwa meza ya Wilkista kumpa pole ya msiba.

"Amekufa lini?" Wilkista akamuuliza.

"Si ni jana, dada?"

"Basi ameamka. Sasa hivi ako nyumbani anakula kwa mikono yote miwili."

Kwa mara ya kwanza maishani Wilkista alionja uvumi kutoka upande ule mwingine, na hakuupenda.

Njuga za shaba zilipopoa na kuvunjwa mchanga, moja ilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Ya pili ililia vizuri mara tatu, mlio mtamu kabisa, Makokha akaanza kucheka, na mara ya nne ikapasuka vipande viwili mkononi mwa Ian. Ya tatu haikuzaliwa. Mchanga ulikuwa na maji mengi, shaba ikaruka kutoka kwenye kalibu kama chura, ikatua kwenye kamba ya nguo, ikatoboa shiti la kitanda kikubwa, lile la maua.

Wilkista alisimama pale anatazama uani kupitia lile tundu. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu Ian aanze kuzunguka kualika watu.

"Zimebaki siku ngapi?" akamuuliza mumewe kupitia tundu.

"Nikikausha mchanga vizuri—"

"Nimeuliza siku. Sijauliza mchanga."

*

Jumanne ya wiki iliyofuata Wilkista alimwambia Makokha anaenda kuchukua mapazia Bungoma mjini. Alishuka Webuye, akachukua boda ya baiskeli mpaka Bokoli, na sukari na mkate kwenye kikapu.

Sasa, mzee Wekoye ni kama baba mkwe, na mke wa mtoto hakai na baba mkwe wakaongea ana kwa ana kama watu wa gulio. Mzee alikuwa kwenye kibanda chake cha kazi, amegeuza mgongo kama heshima inavyotaka. Wilkista akakaa mlangoni pa jikoni na mke wa mzee, mama Nakhumicha. Kati yao palikuwa na hatua kumi na kuku mmoja. Kila mtu alisikia kila kitu, lakini maneno lazima yapite kwa Nakhumicha.

"Mama," mzee aliuambia moto, "uliza huyo mgeni wako kama ni kweli kwamba yule kalani wa ghala amewasha moto."

"Anauliza kama bwana yako amewasha moto," akasema Nakhumicha.

"Mwambie ni moto kidogo tu, mama. Wa ndoo."

"Anasema ni wa ndoo."

"Moto hakuna kidogo. Uliza kama unalainisha chuma."

"Unalainisha?"

Wilkista akafikiria kudanganya, akakumbuka kwamba habari ya kifo cha Makokha ilikuwa imefika mpaka Ndalu. "Unalainisha," akasema.

"Basi mwambie sina njuga ya kumpa. Nyumba iliyowasha moto wa uhunzi haiombi chuma kwa mhunzi mwingine. Nikimpa, nimemtukana. Akichukua, amejitukana. Mtoto wa mhunzi anagonga njuga za moto wa kwao."

Wilkista alihisi damu imepanda kichwani. Akasahau Nakhumicha. "Lakini si mhunzi! Ni hobi!"

Nyundo ikasimama. Nakhumicha, kwa aibu ya wote, akajaribu kuibeba ile kauli: "Anasema ni... mwanangu, hobi ni nini?"

"Ni kitu mtu anafanya bila kutumwa, mama."

Mzee akachokoa makaa. Halafu akauambia moto wake, polepole: "Na mimi, nani alinituma?"

Wilkista akaishia kumtazama yule kuku. Watu wa Kitale wangelipa kuona siku hiyo.

Mzee akatoa njia mbili. Makokha aite wazee, amwage maji kwenye ule moto mbele yao, asiwashe tena maishani, na jioni hiyohiyo Ian atapewa njuga. Au njuga zitoke kwenye moto wa kwao, zilie hapa Bokoli Jumamosi asubuhi. Baada ya hapo akarudi kwa nyundo yake, maana mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Nakhumicha akamwonea huruma mgeni, akamletea chai. Juu ya jiko, kwenye moshi, njuga zilining'inia kwenye kamba, jozi kwa jozi. Wilkista akanyoosha mkono, akageuza moja, akaigeuza tena.

"Mama, hii mbona ina mshono pembeni?"

"Ulitaka izaliwe bila mshono? Ni chuma cha bapa. Kinakunjwa."

"Hakimiminwi kwa mchanga?"

Kutoka kibandani, mzee Wekoye akavunja heshima yote. "Anamimina?" akapiga kelele bila kupitia kwa mtu. "Kalani anamimina njuga? Kama uji?" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Nakhumicha akamwambia akumbuke kifua chake.

Wilkista hakucheka. Alijiweka vizuri kwenye kigoda. Mtu aliyesomea sokoni anajua kwamba siri haiombwi. Unamwaga zako, na za mwenzako zinatoka zenyewe. Akaanza kumwaga habari za Kitale: mwalimu wa mahari mbili, mchungaji na pikipiki ya kanisa, bibi arusi aliyezirai kabla ya keki. Nakhumicha akashika mbavu. Mzee akawa anapiga nyundo polepole ili asipitwe. Mdomo wa Wilkista ulikuwa Kitale, macho yake yalikuwa kibandani. Akaona chuma kinatoka kwenye bamba la jembe lililochoka. Akaona mzee hakipigi mpaka kimekuwa na rangi ya papai lililoiva. Akaona kinakunjwa juu ya ncha ya fuawe, kile chuma cha kupigia, kama sambusa iliyoachwa mdomo wazi. Na kikiisha, mzee hakitii majini. Anakifukia kwenye jivu na kukisahau.

Aliponyanyuka kwenda zake, alitaka kupitia karibu na kibanda, mahali nyundo ndogo ilikuwa imelazwa chini. Nakhumicha akamvuta sketi.

"Zunguka, mwanangu. Mwanamke haruki nyundo, usiniletee maneno."

Wilkista akazunguka.

*

Alifika Kitale jioni, akaeleza yote. Makokha alisikiliza, akaenda kuchukua karatasi zake.

"Hapa hakuna kukunja," akasema, anafunua. "Ona ukurasa wa saba. Kengele ni ya kumimina."

"Ukurasa wa saba haujui Bokoli."

"Na jivu? Kila mtu anajua chuma moto kinatiwa maji."

"Kila mtu nani? Yule mzungu wa ndevu?"

Jumatano akamimina tena kwa kiburi chake. Ikatoka kitu ambacho hata Ian alikataa kukigonga. Alhamisi asubuhi, kabla Makokha hajaenda ghalani, Wilkista akatoka nje na ndoo ya maji, akasimama juu ya ule moto wa hobi.

"Chagua. Namwaga nipigie wazee simu, ama unakunja. Jumamosi ndugu zangu wanakaa nyumbani kwao wanangoja kusikia mtoto wangu anakuja. Sitaki wasikie sahani ya jela."

Makokha alitazama ndoo, akatazama lile jiko lake la udongo lililopasukapasuka. Alipoongea hakuongea kama karani.

"Miaka kumi na tisa nahesabu magunia ya watu, Wilkista. Yanaingia, yanatoka. Jioni naenda nyumbani na hakuna kitu nimetengeneza kimebaki. Hata kimoja. Hii moja tu."

Wilkista alichukia sana kumwelewa. Ilikuwa imebaki kidogo tu ashinde. Akaweka ndoo chini kwa kishindo, maji yakamrukia miguuni.

"Basi kwa Bashir ulete jembe kuukuu. Na usimwambie ni hobi."

Ijumaa Makokha akaomba ruhusa kazini. Saa nane mchana moto ukawashwa. Ian akakaa kwenye gurudumu, Makokha akashika koleo na nyundo, Wilkista akasimama kando, mikono kiunoni, shahidi wa Bokoli.

"Bado. Bado! Hiyo ni nyekundu ya nyanya. Ngoja papai."

"Najua rangi."

"Kama ungejua tungekuwa na njuga. Sasa! Toa! Piga!"

Makokha alipiga jinsi alivyozoea kupiga mihuri ofisini: *ta-ta-ta-ta*, mapigo mengi madogo, ya adabu. Chuma kikapoa kabla ya kukunjika. Akakirudisha, akakitoa, akakigongagonga tena. Saa nzima ikapita, makaa yakaisha nusu gunia, na njuga ya kwanza ikapatikana, imepinda kidogo kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Wakaifukia jivuni. Ian alipoigonga baadaye ilitoa sauti nzito ya mafua, lakini ilikuwa sauti.

Ya pili ikakataa kabisa. Kila akipiga inateleza, inafunguka, inalala bapa. "Si hapo! Pembeni! Pembeni, baba Ian! Mzee anapiga akivuta kwake!"

"Unaniongelesha sana!"

"Inapoa! Wewe, inapoa!"

Hapo ndipo mkono wa Wilkista ulipoenda wenyewe. Ulichukua ile nyundo kutoka mkononi mwa mumewe jinsi mtu anavyochukua mwiko kwa mtoto anayeunguza ugali.

"Mathe! Si uache buda apige!" Ian alisema.

"Nyamaza, zungusha! Na wewe shika koleo usitingishe!"

Akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa la siafu. La pili la shiti la maua. La tatu, la nne, la mama wa Ndalu na pole zake za msiba. Chuma kikakunjika chenyewe kama kinaogopa. Makokha akakigeuza bila kuambiwa, akakirudisha motoni mpaka papai, akakitoa, Wilkista akapiga tena, na kwa dakika chache hakuna mtu aliyemgombeza mwenzake. Jivuni.

Ilipopoa Ian akaigonga mara moja. Mlio ukatoka, mwembamba, safi, ukapita juu ya ua, ukaenda. Upande wa pili wa ukuta Nekesa alikuwa anafua. Maji yakanyamaza.

"Mama Ian!" akaita. "Ni nini hiyo imelia?"

Wilkista alifungua mdomo. Ilikuwa habari nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na ilikuwa yake mwenyewe. Makokha akamtazama. Wilkista akamkumbuka Nakhumicha anamvuta sketi, mwanamke haruki nyundo, sembuse kuishika, sembuse kumfulia mtoto njuga.

"Ni... ni baba Ian!" akaita. "Amepata!"

Alilitoa neno lile kama mtu anayetema mfupa wa omena.

*

Jumamosi walikuwa Bokoli kabla umande haujakauka. Ian amepakwa mwili kama desturi inavyotaka, amevaa shanga za shangazi zake, anaogopa na hataki kuonekana anaogopa. Wazee wanne walikuwa wamekaa kando ya ukuta. Wekoye alikuwa kwenye kigoda, amefumba macho.

Ian akacheza. Kulia, kushoto. Ile yenye mafua, ile safi. Akamaliza, anahema.

Mzee akanyoosha mkono, akapewa njuga zote mbili. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwanza. "Hii imepigwa na mtu anayeomba chuma ruhusa." Wazee wakacheka. Akapapasa ya pili, akachukua muda. "Na hii imepigwa na mtu ambaye amechoka kabisa. Chuma kinapenda mtu ambaye amechoka nacho." Akafumbua macho. "Ni mkono mmoja, Makokha?"

Wilkista, amesimama na wanawake karibu na jikoni, alitazama mahindi ya jirani. Alitazama kuku. Kama mtu angemgusa angepasuka.

"Ni mmoja, papa," Makokha akasema. Halafu, kama haikutosha: "Ya pili nilikuwa nimeshashika njia."

Nimeshashika njia! Wilkista akahesabu mahindi.

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Akamrudishia Ian njuga zake, akamtemea baraka kifuani, vigelegele vikalipuka, na kijana akatoka langoni anazigonga, wenzake nyuma yake wanaimba, wanaelekea barabara ya kwa mjomba. Mlio ukawa unapungua kwa mbali: mafua, safi, mafua, safi.

Nakhumicha akamshika Wilkista mkono kumpongeza, akasita. Akaufungua ule mkono, akautazama. Malengelenge matano, mawili yamepasuka.

"Mkono umefanya nini?"

"Jembe, mama."

"Huko mjini Kitale kuna shamba?"

"Hapana. Kulikuwa na jembe tu."

Mama mzee akaufunga tena ule mkono. Akamwingiza jikoni, akamkalisha, akachota samli kidogo kwa kidole, akaanza kumpaka taratibu. Kutoka ukutani ilisikika sauti ya Makokha, imechangamka, imezungukwa na wazee: "...sasa wengi wanakosea hapo, wanatia maji. Mimi nikafikiria sana, nikaona hapana, siri lazima iko kwa jivu..."

Wilkista akaruka juu. Nakhumicha akamrudisha chini kwa sketi.

"Keti."

"Mama, anasema jivu ni yeye alifikiria! Si hata alikataa!"

"Keti, mwanangu."

"Na ukurasa wake wa saba!"

"Mimi sijui hiyo ukurasa." Nakhumicha akachovya kidole tena kwenye samli. "Huyu wangu rangi nyekundu haioni vizuri tangu ujana. Miaka arobaini nakaa hapa mlangoni nachambua mboga. Chuma kikiiva, nakohoa, anakitoa."

Wilkista akamtazama. Huko nje wazee walikuwa wanacheka tena, na Wekoye alikuwa anaeleza jambo fulani kuhusu jicho la mhunzi.

"Arobaini?"

"Leta huo mkono mwingine," akasema Nakhumicha. "Na unywe chai, inapoa."